Jivu la Muisa

Mwaka 1956, msimulizi wa Kinyanga aitwaye She-Karisi Rureke, wa kijiji cha Bese, alisimulia habari za Mwindo, shujaa wa utendi wa Wanyanga, kwa siku 12, huku Daniel Biebuyck na wenzake wakiandika. Hakuwa amewahi kuzisimulia zote mfululizo, kwa kuwa kwa desturi watu huomba kipande kimoja tu. Alikuwa na njuga miguuni, kibuyu cha kutikisa, na conga, ule usinga ambao Mwindo alizaliwa ameushika. Aliimba, akacheza, akaigiza. Vijana waligonga fimbo kavu, na umati wa wanaume, wanawake na watoto ukaitikia. Kitabu kilitoka mwaka 1969, na kila nikikisoma humwona mtu mmoja akiwa baba, mwana, shangazi, buibui na radi.

Kazi hiyo ya mtu mmoja kuwa wengi ndiyo ninayoipenda. Huku Keshero, magharibi mwa Goma, umeme ukikatika tunawasha taa za simu na kuendelea kutupa dadu. Mchezo wenyewe, wa kuigiza mkiwa mezani, uliletwa duniani mwaka 1974 na Wamarekani Gary Gygax na Dave Arneson. Kila mchezaji anashika mtu wake mmoja. Anayeongoza, kama mimi, anawashika wote waliobaki: mfalme, mchawi, askari wa kizuizi cha barabarani, mama anayeuza samaki wa sambaza, hata mpita njia ambaye hakuna aliyepanga kumsemesha. Ufundi wa mwongozaji huonekana kwa huyo mpita njia.

Rureke aliujua ufundi huo kabisa. Mwindo anashuka kuzimu akimfuata baba yake, Shemwindo, aliyetaka kumwua tangu alipozaliwa. Huko anakutana na Kahindo, binti wa Muisa, mwili wake umeliwa na buba. Kahindo anataka kuoshwa vidonda, na Mwindo anamwosha bila kinyaa. Binti huyo ndiye anayemfunulia hila za nyumbani kwao: ukikaribishwa kiti, kataa, ukipewa pombe, kataa. Muisa mwenyewe, bwana wa kuzimu, amejikunja ndani ya jivu la moto wake, akimngoja mgeni apokee ukarimu wake.

Kahindo hana nafasi kubwa katika hadithi hii ndefu, lakini hasahauliki. Ana mwili unaouma na ana haja, na haja hiyo ilikuwa yake kabla Mwindo hajafika. Muisa naye nimemwona kwa jivu lile kabla hajafungua kinywa. Ndivyo ninavyojaribu kuwaumba watu wangu. Kwa kila mmoja huuliza: mwili wake unamsumbua wapi, na leo asubuhi aliamka akitaka nini? Mama wa sambaza anahesabu noti bila kukutazama, kwa sababu mtoto wake ana homa na anataka auze upesi arudi. Askari anarudia neno la mwisho la swali lako kabla hajajibu, kwa sababu tangu jana hajalala. Majibu mawili kama hayo yananitosha. Baada ya hapo mtu anajisemea mwenyewe.

Lafudhi siitumii. Ingekuwa rahisi mno hapa Goma, mji wenye Kiswahili cha Bukavu, Kiswahili cha Butembo, Kihunde, Kinyarwanda, Lingala la wanajeshi na Kifaransa cha maofisi. Ukiiga namna kabila fulani linavyotamka, meza nzima itacheka. Lakini katika mji huu lafudhi imewahi kumponza mtu kizuizini, na sitaki kijana ajifunze mezani kwangu kumpima mwenzake kwa matamshi. Basi natumia pumzi, mwendo wa maneno, mikono, na ukimya. Kuna wazee ninaowaigiza kwa kuchelewa kujibu tu, na wachezaji huwaheshimu kuliko wafalme.

Majitu ndiyo magumu. Wachezaji huyaona, wanachomoa panga, basi. Katika utendi, Mwindo anamwua Kirimu, joka la vichwa saba, na msimulizi mdogo angeishia hapo kwa vigelegele. Lakini Kirimu alikuwa na rafiki, Nkuba, bwana wa radi, ambaye walifungamana kwa damu. Nkuba anakuja kumchukua Mwindo hadi juu mbinguni, na Mwindo anakaa huko mwaka mzima, akionjeshwa baridi ya mvua na ukali wa jua, mpaka anakatazwa kuua wanyama. Nani angedhani kwamba joka lina mtu wa kuliombolezea?

Tangu nilipoielewa sehemu hiyo, kila jitu ninalolileta mezani lina rafiki mahali fulani. Wachezaji wanaliua, wanagawana dhahabu, wanalala. Asubuhi nabisha hodi kwenye meza kwa kidole, nashusha pumzi, na namwacha mgeni aulize kwa adabu kama kuna aliyemwona ndugu yake.