Mtunzi na Mnukuzi: Suala la Utunzi katika Kazi ya Captain Beefheart

Katika muziki wa roki wa Marekani ni kazi chache zilizosifiwa na kulaaniwa kwa pamoja kama Trout Mask Replica, santuri mbili zilizotolewa mwaka 1969 kwa jina la Captain Beefheart na kundi lake, Magic Band. Ndani yake mna tungo 28. Msikilizaji anayezikabili kwa mara ya kwanza aghalabu hudhani kwamba wapigaji wamekosana: gitaa moja lafuata mapigo yake, la pili yake, ngoma haziwangoji, na juu ya hayo yote sauti nzito yenye mikwaruzo yaghani maneno yasiyokubali kufasiriwa upesi. Dhana hiyo ni potofu. Sehemu kubwa ya vurugu hiyo ilipangwa na kukaririwa kwa miezi mingi, na hapo ndipo lizukapo suala ambalo wasifu wa msanii huyu umelikwepa kwa muda mrefu: ni nani hasa aliyeipanga?

Don Vliet alizaliwa Glendale, California, tarehe 15 Januari, 1941, akakulia Lancaster katika jangwa la Mojave, ambako alisuhubiana na Frank Zappa tangu ujana wao. Neno "Van" katika jina lake alilichomeka mwenyewe baadaye. Utotoni alijulikana kwa kufinyanga sanamu, muziki hakuusomea. Santuri yake ya kwanza, Safe as Milk (1967), ingali imesimama juu ya msingi wa bluzi. Aliyempa uhuru kamili ni Zappa, kupitia kampuni yake ya Straight.

Kwa ajili ya kazi ya 1969, kundi lilijifungia katika nyumba ya kupanga huko Woodland Hills, Los Angeles, kwa miezi kama minane. Van Vliet aliketi kwenye piano, ala ambayo hakufundishwa kuipiga, akabonyeza vipande vifupi vifupi. Vingine alivipiga mluzi. John French, mpiga ngoma, akavinakili kwa noti, akaviunganisha, akamfundisha kila mpigaji sehemu yake. Baadaye Van Vliet alidai kuwa aliitunga kazi nzima kwa saa chache tu. Naye French, aliyekuwa ametimuliwa kabla ya santuri kutoka, hakutajwa katika jalada lake la kwanza.

Kwa maelezo ya French na ya mpiga gitaa Bill Harkleroad, waliyoyaandika katika vitabu vyao, maisha ya nyumba ile yalikaribia kifungo: chakula haba, mazoezi ya kutwa kucha, na vikao ambamo mmoja alisutwa na wenzake hadi akavunjika moyo. Walikuwa vijana wa miaka ishirini hivi. Wahakiki waliokwisha kuyajua haya na bado wakayaita "vituko vya fahari ya kisanaa" wana la kujibu.

Hata hivyo, haifai kumpokonya Van Vliet utunzi wote na kumkabidhi mnukuzi. Katika Lick My Decals Off, Baby (1970) kazi ya kunukuu na kufundisha ilimwangukia Harkleroad, lakini mkono ni uleule. Mnukuzi alibadilika, mtindo haukubadilika. Yafaa pia kukumbuka kwamba wakati wa kurekodi Trout Mask Replica aliimba bila vipokeasauti masikioni, akitegemea mwangwi hafifu uliopenya kioo cha studio. Ndiyo maana sauti yake huelea juu ya ala bila kuzitii, na hilo hakuna aliyemnakilia. Lakini mwaka 1974, kundi lilipomwacha, alirekodi Bluejeans & Moonbeams pamoja na wapigaji wa kukodiwa, nayo ni kazi dhaifu ambayo ingeweza kuimbwa na mtu yeyote. Fikra alikuwa nayo. Karakana ya kuifulia chuma haikuwepo.

Tatizo hili si geni kwa mwanafunzi wa ushairi wa Kiswahili. Tungo za Muyaka bin Haji wa Mombasa zimewafikia wasomaji kwa sababu Mwalimu Sikujua alizikusanya na W. E. Taylor akazihifadhi. Lakini hapo kazi ya mkusanyaji ilikuwa kuhifadhi kilichokwisha kutungwa. French alipewa mbegu, si mti.

Tofauti hiyo yaonekana pia katika athari. Wengi waliomwiga Beefheart walichukua mikwaruzo ya koo peke yake, na wakaishia kuwa vinyago. Waliofaidika, kama Tom Waits kuanzia Swordfishtrombones (1983) na kundi la The Fall kule Uingereza, walijifunza jambo gumu zaidi: kwamba ala zaweza kwenda njia mbalimbali na utungo usisambaratike. Hilo ni fundisho la mpangilio, na katika mpangilio French ana fungu lake.

Baada ya Ice Cream for Crow (1982) Van Vliet aliuacha muziki, akajitia katika uchoraji hadi alipofariki tarehe 17 Desemba, 2010. Mwaka 2003 baadhi ya wapigaji wa zamani walilifufua kundi bila yeye. French, aliyezoea kuketi nyuma ya ngoma, akasimama mbele kuimba, na zile tungo zikatambulika mara moja, kasoro sauti.