Ufundi wa Kulima Kipupwe

Ifikapo Juni, mashamba ya mlimani katika nyanda za juu kusini mwa Tanzania hubaki mabua. Mvua zilizoanza Novemba zimeshakatika, upepo ni mkavu, na usiku baridi hupenya hadi kwenye mifupa. Lakini shuka bondeni huko Iringa, Kilolo au Njombe, na utakuta matuta ya kabichi, njegere, karoti na viazi mviringo yamestawi kando ya mifereji membamba. Hivyo ndivyo vinyungu, bustani za bondeni zinazolimwa kwa unyevu uliobaki ardhini baada ya masika. Wengi huvihesabu kuwa kilimo cha kujikimu tu, cha kusogeza siku hadi mvua zirudi. Mimi naona kinyume chake: kinyungu kinadai ufundi mkubwa kuliko shamba la masika, kwa kuwa mvua humsamehe mkulima makosa mengi, lakini kipupwe hakisamehe.

Ubora wa ufundi huu unaanza na kuijua baridi kuwa ni mali. Kiazi mviringo hujaza vizuri kwenye nyuzijoto 15 hadi 20, na usiku wa baridi hukifaa zaidi ya mchana wa jua kali, maana joto la usiku huufanya mmea uteketeze chakula ulichotengeneza mchana badala ya kukishusha ardhini. Ua la njegere hupukutika penye joto kali, na kabichi hufunga kichwa kigumu penye ubaridi. Karoti na sukumawiki zikipigwa na baridi hugeuza sehemu ya wanga wake kuwa sukari, nayo sukari hiyo huzikinga zisigande kwa urahisi. Ndiyo sababu mboga za msimu huu zina utamu wake. Hewa ya baridi pia hukausha udongo polepole, kwa hiyo debe moja la maji hufanya kazi kubwa zaidi Julai kuliko Oktoba. Isitoshe, ugonjwa wa baka chelewa unaoteketeza viazi hutaka majani yaliyolowa kwa saa nyingi. Kipupwe kisicho na mvua humpunguzia mkulima dawa za kupuliza, ingawa ukungu na umande wa alfajiri vinamtaka asilale.

Hata hivyo, hapo hapo ndipo penye mtihani. Usiku wa mbingu safi usio na upepo, ardhi hupoteza joto lake haraka, na hewa iliyopoa, kwa kuwa ni nzito, huteremka na kutuama bondeni. Maana yake ni kwamba mahali penye unyevu ndipo hapo hapo jalidi linapoanguka. Viazi vilivyoamka na majani mabichi vinaweza kufika adhuhuri vimesinyaa na kuwa vyeusi kama vilivyomwagiwa maji ya moto. Mkulima hawezi kuhamisha bonde, kwa hiyo hupanga mimea na siku. Kabichi, inayovumilia baridi, hukaa chini kabisa; viazi na maharage, visivyovumilia, hupandishwa ukingoni ambako hewa baridi haitulii. Njegere hupandwa kwa hesabu ya nyuma, kwa kuwa majani yake huweza kupona jalidi lakini maua hayaponi. Mahindi husubiri baridi ilegee, kwani mbegu yake huzubaa kwenye udongo ulio chini ya nyuzijoto 10. Na udongo wenyewe husomwa kwa mkono: mkulima huchimba shubiri moja, hufumbata alichotoa, hukiachia. Kikibaki donge bila kuchuruza maji, mfereji huzibwa kwa bonge la nyasi ili unyevu usitoroke. Kikichuruza, bonge huondolewa ili mizizi ipate hewa. Udongo wenye unyevu wa kadiri hutunza joto la mchana na kulirudisha usiku, kwa hiyo kuziba na kuzibua mfereji ni kumwagilia na ni kukinga jalidi kwa wakati mmoja.

Wapo wanaosema vinyungu vinaua mito. Hoja hii ni nzito, na haifai kupuuzwa. Mto Ruaha Mkuu, unaopokea maji ya nyanda hizi, umekuwa ukikauka kila kiangazi tangu 1993 ndani ya hifadhi inayobeba jina lake. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya meta 60 kutoka chanzo cha maji, na inakataza kwa haki. Lakini lawama ya Ruaha haiwezi kutwishwa vinyungu peke yake wakati maji mengi huchepushwa kwenye mashamba ya mpunga huko Usangu, na mikaratusi imepandwa mabondeni ikinywa mwaka mzima. Tena anayekata mfereji wa kina kukausha chemchemi hafanyi ufundi ninaousifu, anauvunja. Unyevu ndio mtaji wa kinyungu, na fundi wa kweli hali mtaji wake.

Wengine husema banda la nailoni na pampu vimeshaufuta ujuzi huu. Sivyo. Banda la nailoni lisilopashwa moto hupoa usiku karibu sawa na nje, na pampu haimwambii mtu njegere zake zitachanua lini. Vifaa hivyo vinamfaa anayejua tayari mmea wake unataka nini. Asiyejua hutumia fedha nyingi kupata hasara ile ile.

Kwa hiyo maofisa ugani wasiishie kuhesabu magunia ya masika. Waandike tarehe za jalidi kwa kila bonde, wasimike vigingi vya mpaka wa meta 60 pamoja na wenyeji, na wawaite wakulima wa vinyungu kufundisha, si kufundishwa tu. Vijana wanaotafuta shughuli ya kilimo nao waanze kwa kuinama matutani na wazee hawa mwezi Julai, wakati mashamba mengine yamelala.