Chuma Kinapokubali

Boliti ya kwanza ya lori letu ilitushinda siku nne. Ilikuwa upande wa dereva, imeliwa na kutu hadi pembe za kichwa chake hazihesabiki. Kila asubuhi binti yangu, aliyekuwa na miaka 12, aliisugua kwa brashi ya waya, akaidondoshea mafuta ya taa yaliyochanganywa na oili, akaigongagonga kwa nyundo ndogo, kisha tukaenda shamba. Jioni tuliweka spana, nayo ikakataa. Siku ya nne ikatoka sauti ndogo kama ya kijiti kikavu kinachovunjika, na spana ikasogea robo ya mzunguko. Binti hakupiga kelele. Alinitazama, akasema, "Baba, imekubali."

Neno hilo ndilo lililonifanya niandike insha hii. Mafundi wote niliowahi kusimama karibu nao husema hivyo hivyo: nati imekataa, gia imekubali, injini imegoma. Kiswahili cha gereji kinakipa chuma hiari yake, na ndani ya usemi huo mna adabu kubwa. Chuma kikuukuu hakishindwi kwa nguvu. Ukikilazimisha kinakatika, ukikibembeleza kinakubali. Sijaona shule ya subira inayowafaa mzazi na mtoto kuliko kusimama pamoja mbele ya chuma kinachokataa.

Lori lenyewe ni Bedford RL, aina iliyoanza kuundwa Uingereza mwaka 1953 kwa matumizi ya jeshi. Magurudumu yake yote manne yanavuta. Injini ni ya petroli, ya silinda 6 na ujazo wa lita 4.9, nayo imekaa ndani ya kebini, chini ya kifuniko kati ya dereva na abiria. Lilipomaliza utumishi wake jeshini liliuzwa mnadani, likaja kubeba mahindi ya kwetu Ufipa. Marehemu baba yangu alianza kama utingo wake, akaishia kuwa dereva wake. Enzi hizo barabara ya Sumbawanga kwenda Tunduma ilikuwa ya vumbi wakati wa kiangazi na ya matope wakati wa masika, na gari lisilovuta mbele na nyuma lilikuwa likilala njiani. Lilipochoka, baba aliliegesha nyumbani, kijijini Milanzi, chini ya mikaratusi. Likakaa pale zaidi ya miaka 20, kuku wakitagia juu ya kiti.

Wanunuzi wa vyuma chakavu walipita mara tatu. Mara ya tatu tulikuwa tumeshapatana bei. Binti akaniuliza swali moja tu: "Baba, limekufa au limelala?" Sikuwa na jibu, na njia ya kulipata ilikuwa moja: kufungua na kutazama. Nikawaomba radhi wale wanunuzi, wakaondoka.

Hapa Milanzi habari za chuma hazikuanza na lori.  Kotekote Ufipa wazee wetu walikuwa mafundi wa kuyeyusha mawe ya chuma. Walijenga tanuri refu la udongo, ilungu (kwa wingi malungu), lililompita mtu kimo, mengine yakikaribia mita 3. Halikuvuviwa kwa mivukuto. Lilivuta upepo lenyewe kupitia mirija ya udongo iliyopangwa kuzunguka kitako chake. Chuma kilichotoka humo kilikuwa bado kichafu, kwa hiyo kilipelekwa kwenye tanuri dogo, kintengwe, na hapo ndipo mivukuto ilipofanya kazi. Tanuri lile kubwa lilihesabiwa kuwa bibi harusi. Lilipambwa, likaimbiwa, na mafundi wakajitenga na wake zao mpaka kazi iishe. Majembe ya dukani yalipoenea zama za ukoloni, moto wa malungu ukazimika. Mabaki ya matanuri hayo bado yamesimama sehemu mbalimbali za Ufipa.

Nilimweleza binti yangu habari hizo tukiwa chini ya lori, mgongo juu ya gunia. Akanyamaza, kisha akauliza kama wasichana waliruhusiwa kusogea pale. Nikamjibu kweli: kazi ya tanuri ilikuwa ya wanaume, na miiko yake ilikuwa mikali. Akanyoosha mkono nimpe spana. Sikuona sababu ya kumnyima. Adabu ya wazee mbele ya chuma nimeirithi yote, na ninairithisha yote. Mlango tu ndio nimeupanua.

Kwa mtoto, kazi hii huanzia kwenye spana. Bedford ni gari la inchi, wala spana za milimita zilizojaa madukani leo hazilikai sawasawa. Tukatafuta za zamani: saba juu ya kumi na sita, nusu, tisa juu ya kumi na sita, tano juu ya nane. Darasani binti yangu alikuwa akizisoma sehemu bila kuziona. Chini ya lori alizishika. Nikisema, "Hii ya nusu inapwaya, nipe inayoshuka," alitafuta, akapima, akakosea, akapima tena, mpaka siku moja akanipa ya saba juu ya kumi na sita bila kuitazama. Ukimuuliza leo kati ya nusu na tisa juu ya kumi na sita ipi kubwa, atakujibu vidole vyake vikijikunja kana kwamba vimeishika.

Sheria ya pili ilikuwa daftari. Hakuna kipande kilichofunguliwa kabla hajakichora: kilivyokaa, kinavyotazama, washa zake ngapi. Nati na boliti za kila sehemu ziliwekwa kwenye kopo lake, na juu ya kopo jina na tarehe. Kufungua ni kazi ya mchana mmoja. Kurudisha kwaweza kuchukua mwaka, na akili ya mtu haibebi boliti mia tatu.

Nilijifunza pia kuwaheshimu waliolibuni. Gari la jeshi huundwa kwa kujua kwamba litaharibikia mbali na gereji, na atakayelitengeneza ni kijana mwenye mkoba mmoja wa vifaa. Kwa hiyo kila kitu kinafikiwa kwa mkono na kinafunguka. Unafunika karatasi ya gasketi juu ya mdomo wa pampu ya maji, unaigonga taratibu pembezoni kwa nyundo, na chuma chenyewe kinaikata kwa umbo lake. Binti yangu alikata gasketi nne kwa namna hiyo, na hakuna hata moja inayovuja.

Kosa kubwa lilikuwa langu. Tulipofika kwenye bomba la moshi niliona jua linakwisha, nikaongeza bomba kwenye spana ili nipate nguvu, nikavuta. Stadi ikakatika, nusu ikabaki ndani ya injini. Ilitubidi tuitoboe katikati kwa keekee, kidogo kidogo, tuitoe kipande kwa kipande, kisha tupige tepu upya. Nilitaka kuokoa dakika kumi, zikatugharimu siku mbili. Binti hakusema neno, lakini stadi zilizobaki alizishughulikia yeye. Alizipasha moto, akazipaka oili, akasubiri, akazisogeza mbele kidogo na nyuma kidogo. Zote zikakubali.

Kisha ikaja injini. Hendeli haikuzunguka kabisa. Tukafungua plagi zote sita na kumulika ndani kwa tochi. Ndani ya silinda tano palikuwa na utando mnene, mweusi, unaong'aa. Nikaugusa kwa kijiti, nikaunusa. Ilikuwa oili nzito. Baba yangu, siku aliyoliegesha lori hili, alikuwa amefungua plagi na kuijaza kila silinda oili ili kutu isiingie, kisha akazirudisha plagi. Hakumwambia mtu. Silinda ya sita tu ndiyo iliyopata maji kupitia valvu iliyobaki wazi, na pistoni yake ikashikana na ukuta.

Nilikaa kwenye kiti cha dereva muda mrefu siku ile. Miaka yote nilidhani baba alilitupa lori. Kumbe alililaza, akijua mtu atakuja kuliamsha. Swali la binti yangu lilikuwa limejibiwa na babu yake kabla yeye hajazaliwa.

Ziwa Tanganyika lina ushahidi mkubwa kuliko huu wa chuma kilicholazwa kikaamshwa. Meli ya Wajerumani, Graf von Götzen, iliundwa Papenburg mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikasafirishwa katika makasha yapatayo 5,000 hadi Kigoma, ikaunganishwa na kushushwa majini mwaka 1915 kwa ajili ya vita. Mwezi Julai 1916, Wajerumani waliporudi nyuma, waliizamisha wenyewe isiangukie mikononi mwa adui. Lakini kabla ya kuizamisha, mafundi wake waliipaka mitambo grisi nene. Waingereza waliiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba, jina la kale la ziwa hilo. Kwa miongo mingi iliwabeba watu wetu wa Kasanga na Kipili. Ukiona vyaelea, vimeundwa. Na pengine kabla ya kuundwa tena vilipakwa grisi na mtu aliyejua hatavitumia yeye.

Silinda ya sita tuliimiminia mafuta ya taa na oili. Kila jioni binti aliijazia, akajaribu hendeli kwa mkono mmoja, bila kulazimisha. Jioni ya tisa pistoni ikasogea upana wa kidole. Tukaifungua injini nzima, tukabadilisha ringi, tukasaga valvu kwa mkono mpaka kila moja ikakaa na kuziba.

Springi ya nyuma ilikuwa imepoteza jani moja, na jibu tulilipata jikoni. Jembe la mama yangu, alilolimia matuta kwa miaka mingi, lilifuliwa na mhunzi wa jirani kutokana na springi ya gari. Ndivyo wahunzi wetu walivyoendelea baada ya malungu kuzimika: malighafi yao ikawa magari yaliyokufa. Safari hii tulimwomba mhunzi arudishe hisani. Alichukua jani la springi ya lori jingine, akalipasha mpaka likawa jekundu, akalikunja kwa kulifuatisha jani zima, kisha akalizamisha kwenye oili chafu. Hakutumia maji, maana maji yangelipasua. Halafu akalisugua sehemu moja ing'ae na kulirudisha kwenye moto mdogo, akamwita binti yangu. "Tazama rangi, mwanangu. Inaanza manjano kama majani makavu, inakuja zambarau, inakuja buluu. Ikifika buluu toa. Ukichelewa, springi italegea." Binti akaitazama ile rangi, akasema, "Sasa, babu." Mzee akatoa. Jani lile liko chini ya lori hadi leo.

Bodi tuliijenga upya kwa mbao za mninga, na rangi tukapaka ya buluu, maana rangi ya jeshi tuliwaachia wenyewe. Kazi yote ilikula misimu miwili ya kiangazi na mahindi ya mavuno mazima. Wapo majirani walionishauri kwamba fedha ile ingetosha pikipiki, na hesabu yao ilikuwa sahihi. Lakini pikipiki ningeinunua peke yangu kwa nusu saa, na binti yangu asingejua chochote zaidi ya alichojua jana yake.

Asubuhi ya kuliwasha ilikuwa ya Julai, baridi ya Ufipa ikiwa imeshikilia vidole. Binti alipanga waya za plagi huku akisema kwa sauti mpangilio wa moto: moja, tano, tatu, sita, mbili, nne. Alikuwa ameukariri kama watu wanavyokariri dua. Mama yangu alitoka nje, akasimama kando na kanga yake begani. Injini ilikohoa, ikanyamaza. Nikataka kuongeza mafuta, binti akaweka mkono juu ya mkono wangu, tukangoja. Mara ya tatu ikashika, ikatetemeka, ikatulia kwenye mngurumo mmoja. Mama alisema, "Ndiyo sauti yake." Akarudi ndani kuandaa chai.

Lori sasa linabeba ulezi na maharage ya majirani. Binti yangu ana miaka 15. Akiwa darasani huweza kulisikia likipita barabarani, na jioni huniambia kama kuna silinda inayokosa moto. Mara nyingi huwa sahihi. Babu yake alimwachia oili ndani ya silinda, mhunzi akampa rangi ya buluu, mimi nimempa spana. Mali ya namna hiyo haiibiwi na haigawanyiki kwa mirathi.

Ndugu msomaji, pengine nyuma ya nyumba yenu kuna kitu kilichoegeshwa: trekta, mashine ya kusaga, cherehani, baiskeli ya marehemu. Kabla hujamwita mnunuzi wa chuma chakavu, mwite mwanao, wa kike au wa kiume. Mpe brashi ya waya na daftari. Chagueni boliti moja, ipakeni oili, na mrudi kesho.