Chapati ya Kutupiwa: Chakula na Maneno katika Untouchable ya Mulk Raj Anand

Watahiniwa wengi wanapohakiki riwaya za enzi ya ukoloni hukimbilia kumlaumu mkoloni kwa kila jambo. Riwaya ya Untouchable (1935) ya Mulk Raj Anand inatutahadharisha dhidi ya mazoea hayo. Ploti yake ni ya siku moja tu katika maisha ya Bakha, kijana msafishaji wa vyoo ambaye jamii yake humhesabu kuwa najisi, India ikiwa chini ya Waingereza.

Anand anatumia chakula kama kipimo cha utu. Bakha ananunua jalebi, vitamutamu vilivyokolea sukari. Muuzaji anamtupia kifurushi, nazo sarafu zake zinarashiwa maji kabla ya kuguswa. Baadaye mwanamke anamrushia chapati kutoka ghorofani, ilhali mtawa aliyefika kuomba papo hapo anapewa chakula kwa heshima. Kwetu Kenya, ambako chapati ni chakula cha sherehe, ni rahisi msomaji kuupita ukali wa taswira hii. Bakha ana njaa, lakini kinachomchoma zaidi ni namna anavyopewa.

Maneno nayo yanafanya kazi hiyo hiyo. Baada ya kupigwa kofi kwa kumgusa mtu wa tabaka la juu njiani, Bakha analazimika kutangaza ujio wake kwa sauti kila apitapo. Hiki ni kinaya kikali: mdomo wake mwenyewe unageuzwa kengele ya kuwaonya watu wamkwepe.

Mkoloni je? Bakha anavaa nguo kuukuu za wanajeshi wa Kiingereza na kuwahusudu kwa kuwa walimtendea kama binadamu. Asidhani mtahiniwa kwamba hapa Anand anausifu ukoloni. Anaishutumu jamii iliyomfanya kijana wake autafute utu katika mitumba ya mtawala.

Udhaifu wa riwaya uko mwishoni, ambapo hotuba ya Gandhi na mjadala kuhusu vyoo vya kisasa vinamwacha Bakha msikilizaji tu. Tendo la Charat Singh, mwanajeshi wa Kihindi anayemgawia Bakha chai yake, linasema mengi kuliko hotuba hizo.

Kwa hivyo, anayejibu swali la ubaguzi asiishie kutaja "ubaguzi" na "umaskini" kisha akaweka nukta. Aonyeshe nani anatoa, anatoaje, na nani analazimishwa kusema nini. Hapo atakuwa amehakiki.