Kasoro, Hitilafu na Ubovu: Lugha ya Kupambanua Kompyuta Mpya

Kazi ya kuunda istilahi za kompyuta imekwisha kula karatasi nyingi na saa nyingi za vikao. Msomaji wa kurasa hizi atakumbuka mjadala mrefu juu ya jina la mashine yenyewe, kompyuta, tarakilishi au ngamizi, na jinsi watumiaji walivyouhukumu: Tanzania ikabaki na kompyuta, na Kenya tarakilishi likapata makao katika vitabu vya shule. Baada ya jina la mashine yalifuata majina ya viungo vyake. Na mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, katika mradi wa Kilinux, walipotoa Jambo OpenOffice, yakaongezeka majina ya amri za kwenye skrini. Hayo yote ni ya kushukuriwa. Lakini tukiyapitia maorodha hayo kwa jicho la mfasiri aliyepewa kijitabu cha fundi, twaona upungufu wa namna moja: majina ni tele, vitenzi ni haba. Twajua kukiita kila kiungo kwa jina. Hatujui kusema kwa usahihi kwamba kiungo fulani ndicho kinachoikwamisha mashine, wala kueleza jinsi tulivyolijua jambo hilo.

Tuchukue mfano ulio wa kawaida. Mtu amenunua vipande mbalimbali: bodi kuu (wengine husema bodi mama, na leo hatuna ugomvi nao), prosesa pamoja na kipoza joto chake, vijiti viwili vya kumbukumbu, diski ya hifadhi, kadi ya picha, saplai ya umeme na kasha. Ameviunganisha mwenyewe mezani pake. Anabonyeza swichi, feni zinazunguka, taa zinawaka, skrini inabaki nyeusi. Sasa inampasa kumwandikia muuzaji, au, akiwa mtumishi wa ofisi, kujaza fomu ya mapokezi ya vifaa. Aandike nini?

Mara nyingi huandikwa: "Kompyuta imeharibika." Sentensi hii ina mambo mawili yasiyofaa. Kwanza, imeihukumu mashine yote kwa hatia ya kipande kimoja kisichojulikana bado. Pili, na hili ndilo kubwa zaidi, kitenzi kuharibika husimulia mabadiliko. Kilichoharibika kilikuwa kizima, kisha kikapoteza uzima wake. Mashine hii haijapata kuwa nzima hata kwa dakika moja. Vivyo hivyo imekufa: hafi asiyewahi kuishi. Hata imeungua, neno lipendwalo sana na mafundi wetu, husimulia tukio, na tukio lina mtendaji. Muuzaji akilisoma huuliza mara moja ni nani aliyeunguza.

Na muuzaji ana haki ya kuuliza, kwa maana jibu ndilo linaloamua nani atalipa. Mashine mpya isiyofanya kazi huweza kuwa imefikwa na mojawapo ya mambo matatu yasiyofanana kabisa. Huenda kipande kimoja kilitoka kiwandani kikiwa na upungufu. Huenda vipande vyote ni vizima, ila mwunganishaji amesahau jambo; la kawaida mno ni kutochomeka waya wa pili wa umeme, ule wa pini 8 ulio karibu na prosesa, akidhani kuwa ule mkubwa wa pini 24 umetosha. Au huenda vipande ni vizima na mikono ilikuwa makini, lakini vipande viwili havielewani. Mwaka 2018 kampuni ya AMD ilitoa prosesa mpya zilizoingia bila shida katika soketi za bodi zilizokuwa tayari madukani, lakini bodi zenye programu msingi ya zamani hazikuzitambua. Kampuni ikalazimika kuwaazima wateja prosesa nyingine ya kuiwasha bodi kwa muda ili programu hiyo isasishwe. Hapo hapakuwa na kitu kibovu hata kimoja. Mteja aliyeandika "prosesa mbovu" aliishitaki prosesa kwa jambo ambalo haikulitenda.

Twaonelea kwamba Kiswahili kinayo tayari maneno ya kuyatenga mambo haya, ila tumeyaacha yakitumika kiholela. Kasoro asili yake ni upungufu. Ndiyo maana twasema saa tatu kasoro robo. Basi na liwekwe kwa kipande kilichopungukiwa tangu kiwandani. Kosa liwe la mtu, wala lisiwe la kitu: kosa la uunganishaji. Kwa vipande visivyoelewana, watu wengi wamependekeza upatanifu na kutopatana, lakini wanasarufi wamekwisha kulitwaa upatanisho kwa kazi yao, na mwalimu anayefundisha masomo yote mawili atapata taabu. Pwani husemwa nguo hizi zinachukuana, au rangi hizi hazichukuani. Kwa nini prosesa na bodi zisichukuane au zisiache kuchukuana? Ubovu na kuharibika vibaki kwa kifaa kilichofanya kazi kisha kikaacha. Na hitilafu, ambayo kwa asili ya Kiarabu ni tofauti, iwe jina la kile tukionacho kabla ya kujua sababu: mashine inafanya tofauti na inavyopaswa. Skrini nyeusi ni hitilafu. Kama chanzo chake ni kasoro, kosa, au kutochukuana, hilo ndilo litafutwalo.

Kuna watakaosema kuwa huku ni kupasua unywele. Tungewaomba wakumbuke kuwa tangu mwaka 2021 sheria ya Tanzania imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Madai ya dhamana ya kifaa yakifika huko, neno lililoandikwa kwenye fomu siku ya kwanza ndilo litakalosomwa. Aliyeandika "imeharibika mikononi mwetu" akimaanisha kwamba ilikuja na kasoro, atakuwa ameufunga mlango wake mwenyewe.

Sasa tuzitazame tafsiri zinazohusu dalili zenyewe, maana hapa madhara ni makubwa. Kompyuta ya mezani ya IBM, iliyotolewa mwaka 1981, ilikuwa na desturi ya kujipima kila iwashwapo, na kutoa mlio mmoja mfupi ikijiona salama. Milio mingine ilikuwa na maana zake, na maana hizo zikatofautiana baina ya waundaji wa programu msingi. Bodi nyingi za siku hizi zina taa nne ndogo ukingoni: moja ya prosesa, moja ya kumbukumbu, moja ya picha, na moja ya kifaa cha kuanzishia mfumo. Mashine hujipima hatua kwa hatua; taa ya hatua iliyofikiwa huwaka, na hatua ikipita taa huzimika. Mashine ikikwama, taa ya hatua hiyo hubaki ikiwaka.

Mfasiri anayeiandika taa ya pili kuwa "taa ya kumbukumbu mbovu" anampeleka msomaji wake dukani kubadilishiwa vijiti vilivyo vizima. Taa haisemi kwamba kumbukumbu ni mbovu; yasema kwamba upimaji umesimama hapo. Kijiti huenda hakikukandamizwa hadi kibano kikalia. Huenda vijiti viwili vimewekwa katika nafasi zisizo zao, kwani katika bodi ya nafasi nne kwa kawaida maelezo huagiza nafasi ya pili na ya nne kuhesabu kutoka kwenye prosesa. Huenda pini moja ndani ya soketi ya prosesa imepinda: Intel ilizihamishia pini kwenye soketi ya bodi mwaka 2004, na AMD ikafanya hivyo mwaka 2022 kwa prosesa zake za kawaida za mezani. Tena huenda mwenye kasoro ni prosesa yenyewe, maana kidhibiti cha kumbukumbu, ambacho zamani kilikaa kwenye bodi, AMD ilikiingiza ndani ya prosesa mwaka 2003 na Intel mwaka 2008. Na ajabu kuliko zote, huenda hakuna hitilafu yoyote: mashine zenye kumbukumbu za kizazi cha DDR5, ziwashwapo kwa mara ya kwanza, huweza kukaa dakika kadhaa zikijifunza mwendo unaozifaa, skrini ikiwa nyeusi na taa ikiwaka. Mwenye haraka huizima, akaiwasha, akaizima tena, na kila mara huirudisha mwanzo.

Tungependekeza taa ya hatua ya kumbukumbu. Haipendezi sana sikioni, lakini haisemi uongo.

Kwa sababu hiyo hiyo hatuliridhii neno haiwaki peke yake. Fundi wa mtaani husema "inawaka ila haioneshi", na amewapita wafasiri wengi kwa usahihi, kwa kuwa amekwisha kutenga kupata umeme na kutoa picha. Kuna mashine isiyopata umeme, kuna inayopata umeme isimalize kujipima, na kuna inayojipima ikashindwa kupakia mfumo endeshi. Kila moja ina njia yake ya kutafutwa.

Tuje kwenye jina la utafutaji huo. Utambuzi ndilo linalotumika zaidi, lakini kutambua ni kukijua kitu ukionapo, kama utambuavyo sura ya rafiki. Uchunguzi ni pana mno, hata polisi wanao. Wapo waliotamani uaguzi kwa sababu ya utabibu. Lakini mwaguzi hutamka chanzo bila kukifungua kitu, na hayo ndiyo tunayotaka fundi ayaache. Sisi twaliunga mkono upambanuzi. Kupambanua ni kutenga vilivyokutana, ni kinyume cha kupambana kwa maumbo na kwa maana, na ndivyo kazi yenyewe ilivyo. Fundi huchomoa kila kisichohitajika, akabakiza bodi, prosesa na kipoza joto chake, kijiti kimoja cha kumbukumbu na saplai, pamoja na kadi ya picha ikiwa prosesa haina picha yake. Mashine ikijipima salama, hurudisha kipande kimoja, akaiwasha, kisha kingine, hata hitilafu irejee. Isipojipima, hujaribu kijiti cha pili mahali pa cha kwanza, kisha kijiti kilekile katika nafasi nyingine.

Hapo ndipo mtego mkubwa wa vijitabu vilivyotafsiriwa ulipo, nao ni kitenzi badilisha. "Badilisha kumbukumbu" ina maana ngapi? Nunua nyingine, au hamisha kijiti kutoka nafasi hii kwenda ile, au hivi viwili vipeane nafasi, na kwa mtu wa programu, andika upya yaliyomo. Fundi aliyeelewa maana ya kwanza ametoa fedha ambayo maana ya pili ingeiokoa. Na maana hizi ndizo mantiki ya upambanuzi: kijiti kikihamishwa na hitilafu ikakifuata, kijiti chashukiwa, hitilafu ikibaki kwenye nafasi, bodi au prosesa yashukiwa. Mfasiri aseme hamisha pale kitu kihamapo, pishanisha pale viwili vipeanapo nafasi, na weka kingine mahali pake pale kipya kinapohitajika. Badilisha tungelipumzisha katika maandishi ya namna hii. Kidogo pia kuhusu kumbukumbu: lisitumiwe kwa diski. Diski ni hifadhi. Kumbukumbu husahau umeme ukikatika.

Programu za kupima kumbukumbu, kama MemTest86, huleta ugumu mwingine mdogo, kwani hutoa hesabu ya kile ambacho wafasiri hukiita makosa. Tukishika kanuni yetu kwamba kosa ni la mtu, hesabu hiyo ni ya hitilafu. Hitilafu moja yatosha kutilia shaka, lakini ionwe kwanza ikiwa yatoweka kumbukumbu irudishwapo kwenye mwendo wake wa kawaida badala ya ule wa kasi uliotangazwa kwenye pakiti.

Limebaki neno zima. Kitu kizima ni kilicho kamili, tena ni kilicho na afya. Lakini mashine ikiwa imezimwa hatuwezi kusema lolote juu ya uzima wake. Saplai ya umeme yatuonesha hatari ya neno hili. Mafundi hugusanisha waya wa kijani na mmoja wa weusi kwenye plagi ya pini 24, na feni ikizunguka husema "saplai nzima". Jaribio hilo lathibitisha kwamba saplai imewaka. Halithibitishi kwamba volti 12 zitabaki kati ya 11.4 na 12.6 pindi kadi ya picha itakapoanza kudai umeme. Kwenye fomu, basi, iandikwe hivi: "Saplai imewaka bila mzigo, haijapimwa ikiwa na mzigo."