Kubatizwa kwa Ajili ya Wafu: Je, Paulo Aliagiza?

Katika mlango wa 15 wa Waraka wa kwanza kwa Wakorintho imo aya moja iliyowasumbua wasomaji tangu zamani, nayo ni aya ya 29. Hapo Mtume Paulo, akiwajibu wale waliokana ufufuo, auliza watafanya nini watu wabatizwao kwa ajili ya wafu, ikiwa wafu hawafufuliwi kabisa. Aya ni fupi, lakini neno lake si dogo. Mara kwa mara wazee hutuuliza sisi walimu: "Mwalimu, baba yangu alikufa kabla hajaisikia Injili. Je, siwezi kubatizwa mara ya pili kwa ajili yake, apate kufufuka pamoja nami?" Aulizaye hivyo hafanyi mzaha, amchukua baba yake moyoni. Kwa hiyo haifai kumwambia kwamba aya hiyo ni ngumu, basi aipite.

Kwanza na tuyatazame maneno yenyewe. Neno la Kiyunani lililofasiriwa "kwa ajili ya" ni huper, nalo lina maana zaidi ya moja, kama lilivyo neno letu. Mtu akisema, "Nimelima kwa ajili ya baba," huenda amelima mahali pa baba yake aliye mgonjwa. Huenda amelima ili baba apate chakula. Huenda amelima kwa sababu ya kumpenda tu. Katika Matendo ya Mitume, mlango wa 5, twasoma kwamba mitume walifurahi kuaibishwa kwa ajili ya Jina, na neno ni lile lile. Wala hakuna awezaye kusema waliaibishwa badala ya Jina. Basi waliotufasiria Biblia walifanya vema kutumia neno lenye upana, na anayesoma "badala ya" na kuyafunga maneno hapo ameongeza lake.

Maelezo ya wataalamu ni mengi, lakini matatu ndiyo yasikiwayo sana. La kwanza ni kwamba baadhi ya Wakorintho walibatizwa badala ya jamaa zao waliokufa. La pili ni la Yohana Krisostomo, mhubiri mkuu aliyefariki mwaka 407. Yeye alisema kwamba kila abatizwaye hukiri kwanza ufufuo wa wafu, kisha huingia majini akiutumainia kwa ajili ya mwili wake mwenyewe, ambao nao utakufa. La tatu ni kwamba wako watu waliovutwa na Wakristo waliofariki katika imani, wakabatizwa kwa kutaka kuonana nao tena.

Nayapima hivi. Maelezo ya Krisostomo yapatana na mafundisho ya Kanisa, lakini yawageuza "wafu" kuwa miili ya walio hai, jambo ambalo maneno ya aya hayalichukui kwa urahisi. Maelezo ya tatu ni mazuri, na neno huper laweza kuyabeba. Ila yahitaji tuongeze habari ambayo Paulo hakuitaja. Maelezo ya kwanza ndiyo yafuatayo maneno kwa unyofu kuliko mengine, na wataalamu wengi wayakubali. Basi na tuyapokee, kisha tuulize: je, kutaja desturi ni kuiagiza?

Hapa lugha yetu yatusaidia, kwa kuwa kitenzi cha Kiswahili hakifichi mtendaji. Katika aya ya 29 Paulo asema juu ya "wao" wabatizwao. Katika aya ya 30 ageuka na kusema "sisi", yaani yeye na wenzake walio katika hatari kila saa. Hakusema "sisi tubatizwao kwa ajili ya wafu". Tena katika mlango wa 1 wa waraka huu amshukuru Mungu kwamba huko Korintho hakubatiza ila Krispo na Gayo na watu wa nyumba ya Stefana, maana alitumwa kuihubiri Injili. Ni vigumu kumdhania mtu huyo kuwa aliweka ubatizo wa pili kwa ajili ya waliokufa, kisha asiuandikie agizo hata moja.

Waliowahi kukaa barazani penye shauri wajua jambo hili. Msemaji aweza kumshika mpinzani kwa kitendo chake mwenyewe: "Wewe wasema ng'ombe si wa marehemu, mbona ulimwomba ruhusa alipokuwa hai?" Asemapo hivyo hasifu kitendo wala hakilaumu, akitumia kuonyesha kwamba maneno na matendo ya mwenzake hayapatani. Ndivyo afanyavyo Paulo. Na katika mlango huu huu, aya ya 33, atumia msemo ambao wataalamu wauona katika tamthilia ya Menander, Myunani asiye Mkristo, wala hakuna aliyesema kwamba Paulo atuamuru kufuata tamthilia za Wayunani.

Wako waliosoma vingine. Krisostomo aeleza kwamba wafuasi wa Marcion, aliyetengana na kanisa la Rumi karibu na mwaka 144, walikuwa wakimficha mtu hai chini ya kitanda cha maiti. Maiti akiulizwa kama ataka ubatizo, yule wa chini huitika, kisha hubatizwa badala yake. Mtaguso wa Karthago wa mwaka 397 ulikataza kuwabatiza waliokwisha kufa. Katika nyakati za karibu zaidi, Joseph Smith alilifundisha jambo la ubatizo huu huko Nauvoo, Marekani, mwaka 1840. Na Kanisa la Watakatifu wa Siku za Mwisho hulitenda hata leo katika mahekalu yao, ambayo mojawapo liliwekwa wakfu Kinshasa mwaka 2019. Upendo wao kwa wazee wao tusiucheke. Lakini mzigo walioutwika aya moja ni mzito kupita nguvu zake.

Jaribu hivi: iondoe aya ya 29, usome mlango wote. Hoja ya Paulo yasimama, maana wako mashahidi wake, Kefa, na wale Thenashara, na ndugu zaidi ya 500. Sasa iondoe aya ya 20, isemayo kwamba Kristo amefufuka akawa limbuko. Yote yaanguka. Basi tumaini la ufufuo halikuwekwa juu ya maji yaliyomwagwa kwa ajili ya mwingine, bali juu ya kaburi la Yesu lililo tupu.

Tumjibuje, basi, mzee wetu? Tumwambie kweli kwamba Paulo hakuamuru abatizwe tena. Lakini tusiongeze, kama waongezavyo wahubiri wengine, kwamba baba yake amekwisha kupotea. Aya hii haisemi hivyo, na asemaye hivyo kwa kuitegemea amekosa sawasawa na yule wa kwanza. Ibrahimu alipowaombea watu wa Sodoma alilishika neno moja, kwamba Mwenye kuihukumu dunia yote hawezi kutenda isivyo haki. Kwa Hakimu huyo mzee na amwache baba yake. Naye mwenyewe, aliyekwisha kubatizwa mara moja, aishi kama mtu atakayefufuka, na watoto wake wapate kuiona imani hiyo wangali pamoja naye.