Mstari Uliolala Si Sakafu

Gesi ya Songo Songo hutua nchi kavu Somanga Fungu, wilayani Kilwa, kisha husafiri kwa bomba hadi Dar es Salaam. Sehemu yake huchomwa Wazo Hill, kwenye kiwanda cha saruji cha Twiga, ambacho hisa zake zimo katika Soko la Hisa la Dar es Salaam, DSE, tangu 2006. Orca Energy, kampuni mama ya wauzaji wa gesi hiyo, iliandikisha hisa zake Kanada. Kwa hiyo mtu wa Somanga anayetaka kumiliki chochote kinachohusiana na bomba lile anaishia kwenye Twiga, na siku hizi ananunua kwa simu kupitia Hisa Kiganjani. Hapo ndipo anapokutana na walimu wa chati: hapa sakafu, hapa dari, hapa bei imegeuka.

Elimu hiyo si uganga. Tangu enzi za Charles Dow, New York, mwishoni mwa karne ya 19, msingi wake ni kwamba bei imekwisha kumeza kila habari, hivyo anayeisoma bei amesoma yote. Lakini ili bei imeze habari, lazima watu wanunue na kuuza. Asilimia 69.25 ya hisa za Twiga zilikaa miaka mingi mikononi mwa kampuni ya Scancem, na mwenye fungu kubwa namna hiyo hauzi kila Jumatatu. Zinazobaki kuzunguka ni chache. Mtumbwi mmoja ukipita kwenye kijito huacha wimbi ambalo baharini lisingeonekana, na oda moja ya mfuko wa pensheni inaweza kuchora kwenye chati kilele ambacho si kilele cha chochote.

Hatari kubwa zaidi ni ukimya. Vodacom Tanzania iliuza hisa zake kwa umma mwaka 2017 kwa shilingi 850 kila moja, baada ya sheria kuzitaka kampuni za simu ziwauzie wananchi robo ya hisa. Baadaye bei ikashuka hadi 770, ikaganda hapo kwa miaka. Kwenye chati ile 770 ilionekana sakafu imara kuliko zote nchini. Hata hivyo, bei isiyosogea yaweza kuwa na maana mbili: wanunuzi na wauzaji wamekubaliana, au hakuna anayefanya biashara. Mstari huchorwa uleule. Anayetofautisha ni dalali wako, ukimuuliza ni oda ngapi za kuuza zimepanga foleni na za kununua ni ngapi.

Vipimo vya kompyuta havikuokoi hapa. Chukua RSI, kipimo alichokitoa J. Welles Wilder mwaka 1978. Hugawa wastani wa kupanda kwa bei kwa wastani wa kushuka, kwa kawaida katika siku 14, kisha huweka jibu kwenye kipimo cha 0 hadi 100. Kikizidi 70 husemwa hisa imenunuliwa kupita kiasi, kikiwa chini ya 30 imeuzwa kupita kiasi. Bei isiposogea siku zote 14, wastani sahili wa siku hizo hukuacha ukigawa sifuri kwa sifuri. Programu nyingine huacha pengo, nyingine hujaza 50 ili skrini ipendeze, na mtu mzima anaweka akiba yake juu ya namba hiyo! Mishumaa ya chati nayo hubaki vistari vilivyolala, visivyo na mwili wala utambi.

Sasa tazama mgeuko wa kweli. Mwaka 2017 faida ya benki ya CRDB baada ya kodi ilianguka hadi takriban shilingi bilioni 36, mikopo chechefu ikiwa imeitafuna. Oktoba 2018 Abdulmajid Nsekela akapokea uongozi kutoka kwa Charles Kimei. Faida ya 2018 ikafika kama bilioni 64, ya 2019 bilioni 120. Na bei? Hisa iliyouzwa kwa 150 mwaka 2009 ilikuwa chini ya 100 mwaka 2019. Hesabu zilikuwa zimekwisha geuka, chati bado inateremka. Dow angeshangaa: Dar es Salaam habari ilitembea mbele, bei ikaburutwa nyuma. Kufikia mwisho wa 2024 hisa hiyo ilikuwa imevuka 600.

Chati ilikuwa na kazi, ila si ya kubashiri. Aliyesoma hesabu mapema angeweza kusubiri bei ipande juu ya wastani wake wa siku 200 huku hisa nyingi zikibadilishana mikono, ndipo aingie. Angekosa senti za mwanzo, si safari. Mimi ningetumia chati ya wiki, kwa kuwa ya siku katika soko letu imejaa mapengo, na ningeanza na vile vijiti vya chini vya kiasi cha hisa zilizouzwa. Vikiwa vifupi, mstari wa juu usikusumbue.

Na kabla hujatangaza kwamba CRDB imegeuka kuelekea chini baada ya gawio, angalia tarehe ya kufungwa kwa daftari la wanahisa. Gawio la mwaka 2023 lilikuwa shilingi 50 kwa hisa. Anayenunua baada ya tarehe hiyo halipati, hivyo bei inaweza kupungua karibu kiasi hicho bila mtu yeyote kubadili mawazo yake kuhusu benki.